Asumini ya Mama baada ya eda

Mama alitoka eda siku ya Alhamisi. Alioga alfajiri, akavaa gauni jipya na kanga ambayo haijaingia maji, akakaa ukumbini kungoja wageni. Nyumba yao iko Dunda, Bagamoyo, karibu na pwani, mahali ambapo upepo wa jioni unakuletea harufu ya samaki wa kukaanga hata kama hukukusudia kula samaki. Kwa miezi minne na siku kumi hakuwa amejipaka kitu chenye harufu: si udi, si marashi, si mafuta ya nywele. Mwenyewe anasema jambo lililomshangaza ni kwamba hakuyakumbuka manukato kwa mwezi wa kwanza wala wa pili. Aliyakumbuka mwezi wa tatu, usiku, alipogeukia upande wa marehemu kitandani na kukuta mto haunuki chochote.

Binti yake, anayefanya kazi Dar es Salaam, alifika saa nne asubuhi kwa basi la kutoka Makumbusho. Alikuwa na mfuko kutoka Kariakoo, na ndani ya mfuko kiboksi cheupe chenye picha ya maua ya asumini.

"Shikamoo Mama. Nimekuletea ya kwako."

Mama alijipulizia mara mbili shingoni na mara moja kwenye mtandio, akafumba macho. Waliokuwapo wanasema ndiyo mara ya kwanza tangu msiba walipomwona akitabasamu bila kujilazimisha.

Hakuna aliyemtazama mke wa mwanawe mkubwa, ambaye wakati huohuo alinyanyua sinia tupu, akaenda uani na hakurudi mpaka wageni walipoaga.

Kwa watu wa pwani asumini si manukato tu, na asiyelijua hilo hatauelewa ugomvi uliofuata. Matumba yake huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, yakatungwa kwenye uzi, na kufikia isha yamefunguka yenyewe kichwani au shingoni mwa mwenye nyumba. Asubuhi ni takataka. Yaani ni ua la usiku, la mke na mume, ndiyo maana bibi harusi hutandikiwa kitandani na ndiyo maana mwanamke mzima akionekana na kikuba watu hutabasamu na kugeuza mazungumzo. Ndani ya kikuba hutiwa na vingine, mrehani, mpachori, kilua kikipatikana, lakini asumini ndiyo inayotangulia puani. Mama huyu aliolewa na kikuba cha namna hiyo. Mumewe alipanda mwasumini karibu na kisima cha nyumba yao, na kila alipokuwa na furaha, au alipokuwa amekosa na anataka kusamehewa, aliingia ndani na viganja viwili vya matumba.

Kwa hiyo chupa ile ya shilingi 25,000 haikuwa zawadi ndogo. Ilikuwa ruhusa.

Lakini ndani ya siku tatu kila mtu katika nyumba ile alikuwa na maoni yake juu ya chupa hiyo, na hakuna maoni mawili yaliyofanana.

Binti aliyeinunua alisema haina nguvu. "Ya kwangu nikiipulizia asubuhi, nikifika Mwenge siisikii tena." Watu wa ofisini kwake, kwa upande wao, wanamjua kabla hajafungua mlango. Huyu haongopi. Pua ikikaa na harufu moja kwa muda huacha kuitangaza, kama vile mtu anayeishi jirani na mashine ya kusaga asivyoisikia tena. Mvaaji ndiye shahidi mbaya kuliko wote wa wingi wa manukato yake, na wengi wanaoongeza mpulizo wa tatu na wa nne wanawaongezea wenzao, si wao.

Bibi, mama yake Mama, ambaye amevuka miaka 80, alinusa kifuniko akakirudisha. "Hii si asumini. Hii ni spiriti iliyopita mbele ya nyumba yenye asumini."

Wajukuu walicheka, ila bibi alikuwa amesema jambo lenye ukweli mwingi. Mafuta halisi ya asumini ni ghali mno, kwa sababu inahitajika mamia ya kilo za maua kupata kilo moja. Ndiyo maana manukato mengi ya bei ya kawaida yanayoitwa ya asumini yanategemea zaidi viambato vya maabara. Kimojawapo, hedione, kilianza kupata umaarufu mwaka 1966 Edmond Roudnitska alipokitia katika manukato ya wanaume ya Dior yaitwayo Eau Sauvage, na tangu hapo kimeenea katika chupa zisizohesabika za wanawake na wanaume. Kina harufu ya asumini nyepesi, yenye hewa, iliyooshwa. Asumini ya kweli haikuoshwa. Ndani yake mna kemikali iitwayo indoli, ambayo ikiwa peke yake hunuka kama uchafu wa chooni, au kama vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini. Kidogo tu cha hiyo ndicho kinachoipa asumini ule uzito wa usiku ambao bibi aliukosa kwenye kifuniko.

Bibi aliendelea na habari za langilangi, maana akianza maua hamalizi haraka. Alisema langilangi za zamani zilikuwa zikitoka visiwani, na watu wa mjini hawajui thamani yake. Hapo pia hakukosea. Visiwa vya Komoro, majirani zetu, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta ya langilangi duniani, na mafuta ya ua hilo yamo katika manukato mengi maarufu ya wanawake: Chanel No. 5, aliyoyatengeneza Ernest Beaux mwaka 1921, yana langilangi pamoja na asumini na waridi, na J'adore ya Dior, iliyotoka mwaka 1999, nayo inayo. Mwanamke wa Masaki anayenunua chupa hizo dukani ananunua, pamoja na mengine, ua ambalo bibi alilivaa bure.

Jirani, mama wa makamo, hakusema lolote juu ya ubora. Alisema juu ya mvaaji. "Juzi tu katoka eda. Anamnukia nani?" Alilisema dirishani, kwa sauti ya mtu anayejua dirisha liko wazi. Wapo pia waliolisema kwa upole zaidi, kwa msingi wa dini, kwamba manukato ya mwanamke ni ya ndani ya nyumba yake. Mama aliwajibu hao wa mwisho kwamba ndimo alimo, ndani ya nyumba yake. Jirani hakumjibu.

Maoni ambayo hayakusemwa yalikuwa ya mkwe.

Mkwe ana miaka 26 na ana pumu tangu utotoni. Alipoolewa alilitaja jambo hilo mara moja, kwa mumewe, na kwa kuwa kifua kilikuwa kimetulia halikutajwa tena. Alikuwa na dawa mbili za kuvuta. Ile ya kila siku, ya kukinga, aliiacha miezi kadhaa iliyopita kwa sababu aliona amepona. Ile ya bluu, ya kufungua kifua kinapobana, aliiweka kwenye mkoba. Hilo la kuacha dawa ya kukinga ni kosa la kawaida mno, na si la wajinga. Mtu akijisikia vizuri haoni sababu ya kumeza wala kuvuta dawa, wakati ule uzuri anaousikia umeletwa na dawa yenyewe.

Alhamisi ile ukumbini alisikia kifua kinaanza kulia filimbi. Angeweza kusema. Lakini amwambie nani, na kwa maneno gani? Mama mkwe ambaye leo ndiyo ametoka eda, ambaye wifi amemletea zawadi, ambaye anacheka kwa mara ya kwanza. Wewe mkwe usimame katikati ya wageni useme harufu yake inakuziba pumzi? Akaenda uani. Kesho yake akasema ana mafua. Keshokutwa akasema atapika yeye, kila mlo, jambo ambalo lilimpeleka kwenye moshi wa mkaa na kumzidishia. Kwa siku kumi alikula jikoni. Mama aliona. Aliona kwamba akiingia ukumbini mkwe anatoka, akimwita anajibu kutoka mbali, akimkaribia anageuza uso. Naye akaweka tafsiri yake kimya kimya, ileile ya jirani wa dirishani.

Siku ya kumi na moja kulikuwa na maulidi mtaani. Mama alimwomba mkwe amsuke nywele, na safari hii hapakuwa na pa kukimbilia. Mama alikuwa ameshafukiza udi kwenye chetezo ili kanga ishike harufu, akajipulizia asumini nyuma ya masikio, akakaa chini kwenye mkeka, na mkwe akakaa nyuma yake juu ya kigoda, uso wake shubiri moja kutoka shingoni. Alimaliza mistari miwili. Wa tatu mikono ilimlegea. Akainuka, akatafuta mkoba, kopo la bluu likawa linatoa upepo tu. Alipojaribu kusema lilitoka neno mojamoja.

Mumewe hakuwapo. Mama mwenyewe, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimetimka, ndiye aliyekimbia njiani kusimamisha bajaji, na ndiye aliyempakata mkwe mpaka hospitali. Njia nzima alimkumbatia kifuani ili asidondoke. Hakujua kwamba kwa kumkumbatia hivyo alikuwa akimpa zaidi cha kilekile kilichomziba.

Muuguzi aliyewapokea alimtenga kwanza, ndipo akamwekea mkwe mashine ya mvuke wa dawa. "Mama, samahani, kaa pale nje. Manukato."

Alikaa nje saa mbili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa wanaokufa ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa za kukinga hazitumiki inavyotakiwa. Manukato hayasababishi pumu kwa kila anayeyanusa, wala si wote wenye pumu wanaosumbuliwa nayo. Ila kwa baadhi yao, harufu kali, moshi wa udi, wa ubani, wa mkaa, wa sigara, hata dawa ya mbu ya kupulizia, huichokoza njia ya hewa iliyokwisha kuvimba, nayo ikajibana. Na hapa ndipo familia nyingi hukosea: kifua hakiulizi kama harufu ni nzuri. Mkwe huyu anasema asumini anaipenda. Ikimjia kwa mbali, anaisifu. Pua yake na mapafu yake hayakukubaliana, basi.

Usiku ule, waliporudi, ndipo yaliposemwa yaliyokuwa yamefichwa.

"Kumbe siku zote hizi ulikuwa unanikimbia mimi?"

"Si wewe, Mama. Ni harufu."

"Harufu yangu."

Mkwe hakuwa na jibu, na kwa kweli lipo jibu gani? Tukimwambia mtu kwamba manukato yake yanatuumiza, yeye hasikii habari za mapafu yetu, anasikia habari za mwili wake. Na mjane anasikia zaidi. Mama aliitia chupa ndani ya kiboksi chake, akakifungia kabatini chini ya shuka, akavua mtandio akauloweka. Kesho yake alikaa ukumbini na kanga ya zamani, bila mafuta, bila wanja. Binti alipopiga simu aliambiwa kwamba mama yake amerudi eda. Alikuja Jumamosi kwa hasira, na hasira yake aliielekeza kwa wifi yake.

"Umemnyang'anya mama yangu kitu kimoja alichokuwa nacho."

Mkwe alilia. Bibi ndiye aliyeingilia, tena kwa ukali ambao hawakuuzoea. Alimwambia mjukuu wake kwamba nyumba hiyo imetoa maiti moja mwaka huu, na kama anataka ya pili aongeze manukato.

Walikwenda kliniki wote wanne, pamoja na mume. Daktari hakuanza na chupa. Aliuliza kwanza dawa ya kukinga iko wapi, na mkwe akainama. Akauliza mkaa unapikiwa wapi, udi unafukizwa wapi, dirisha la ukumbini linafunguka upande gani. Ilionekana kwamba asumini ilikuta mengi yameshatangulia. Dawa ya kila siku ikarudi, na kopo jipya la bluu likanunuliwa, wakaonyeshwa na namna ya kulivuta sawasawa, maana kumbe hata hilo alikuwa analivuta vibaya. Kuhusu manukato daktari alisema kwa ufupi: yasipuliziwe ndani ya nyumba anayolala mwenye pumu, na huo moshi wa udi utoke nje kabisa.

Binti, ambaye ni mtu wa kutaka kujua, aliuliza inakuwaje chupa moja iwe haina nguvu kwake, iwe spiriti kwa bibi na iwe furaha kwa mama. Jibu la swali hilo limechukua wanasayansi miaka mingi. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel, Wamarekani, walieleza jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu puani, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi hivyo, na seti ya mtu mmoja si sawa na ya mwingine. Mfano unaojulikana sana ni wa kemikali iitwayo beta-ayononi, iliyomo katika waridi na hata katika nyanya. Watafiti wa New Zealand walionyesha mwaka 2013 kwamba tofauti ndani ya jeni moja tu inaamua sehemu kubwa ya jinsi mtu anavyoisikia: wengine huiita harufu ya maua, wengine hawaisikii vizuri au huiita kali, chachu, kama siki. Wote wananusa kitu kimoja na wote wanasema kweli.

Jeni hazielezi kila kitu, lakini. Hakuna jeni ya kisima chenye mwasumini pembeni.

Ngozi nayo ina maoni yake. Harufu moja huiva tofauti kwenye ngozi kavu na yenye mafuta, na wapo wanaopata upele au muwasho siku moja au mbili baada ya kujipaka, wakalaumu sabuni. Langilangi na asumini zote zimo katika viambato vinavyojulikana kuwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 ilitaka viambato 26 vya manukato viandikwe kwenye lebo kwa sababu hiyo, na mwaka 2023 orodha ikapanuliwa kupita 80. Chupa za kopi zinazouzwa mitaani huandikwa chochote anachotaka mwandishi. Mtu asiyeijua chupa yake apake tone ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubiri siku mbili kabla ya kuimwaga shingoni.

Nyumbani walipangana. Chetezo kikahamia uani, chini ya mwembe, na kanga zinafukizwa huko siku mkwe hayupo. Chupa ilitoka kabatini, ila sasa hukaa barazani kwenye kikapu cha kanga za safari: Mama akitoka kwenda shughuli au kwa nduguze Mlingotini, hujipulizia akiwa ameshavaa viatu. Akirudi, mtandio unabaki nje na yeye anaoga. Haya si maisha mepesi, tusidanganyane. Mara mbili amesahau, na mara moja, mkwe anaamini, hakusahau.

Kilichobaki kilikuwa usiku, na hapo bibi aliomba nafasi. Alimtuma mjukuu mdogo kisimani alasiri, akachuma matumba saba, si zaidi. Bibi aliyaweka kwenye kisahani kwenye ncha ya mkeka, barazani, upande upepo unakokwenda, na mkwe akakaa ncha ya pili na kopo lake la bluu mapajani. Mtu mwingine mwenye pumu asiliige jambo hili bila kumuuliza daktari wake, kwani ua bichi nalo laweza kuchokoza kifua. Walikubaliana kwamba akianza kukohoa tu kisahani kinatupwa uani, na hakuna atakayenuna.

Maghrib ikapita. Isha ikapita. Matumba yakaanza kufunguka moja baada ya jingine. Mkwe alipumua, akapumua tena, akavuta puani kidogo, akakunja uso.

"Bibi, mbona hii inanuka kama vile vidonge vya kabatini?"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndiyo yenyewe hiyo. Mwambie wifi yako wa mjini."

Mama alikuwa amekaa katikati, hajasema kitu jioni nzima. Akanyoosha mkono kwenye kisahani, akachukua ua moja, akalichomeka nyuma ya sikio la kushoto, lile lililo mbali na mkwe wake.